Nilikuoza kwa Ajili ya Mkate

Kwa binti yangu Zuhura,

Barua huanza kwa kumtakia mtu afya aliko, nami nakutakia, ingawa uliko ni chumba cha pili na nakusikia ukivuta kamba ya sanduku. Ukuta uliopo kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba ukikohoa mimi hujitayarisha kusema pole. Hata hivyo naandika. Tangu siku ile ya tanuri maneno yetu yamekuwa shikamoo na marahaba, na hayo hayatoshi kumsindikiza mtu hata sokoni, sembuse Mombasa.

Alasiri imekwisha kusaliwa. Kesho baada ya alfajiri wewe na mwenzako wa kazi, Kahaso, mtapanda basi, mtavuka Kilifi kwa feri, na kabla ya adhuhuri mtakuwa mmesimama katika kile chumba cha Majengo mlichokodi, chenye jiko la matofali uani. Habari hizi sikuambiwa na wewe. Nimeambiwa na mama yako, naye alinambia akiwa amenipa mgongo, anachambua mchele. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, nami nisingenambia.

Mambo ya maji ya kunywa, ya komeo la mlango na ya wapi pa kuficha nauli, mama yako ameyasema na kesho atayasema tena. Mimi nina jambo moja, nami nitaliandika hapa mwanzoni ili usije ukadhani barua hii inakuja kunitetea. Nilikuoza kwa ajili ya mkate. Yaliyobaki ni kueleza jinsi mtu anayempenda mwanawe anavyoweza kufanya jambo kama hilo akiwa na akili zake timamu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Na leo ami yako Shee alikuja. Najua uliisikia sauti yake barazani, kwa maana kamba ya sanduku ilinyamaza. Hukusikia alichokitaka. Alitaka uzuiwe usiondoke. Nitakwambia nilimjibu nini, lakini jibu lenyewe halitakuwa na maana kwako mpaka nianzie mbali.

Unajua kwamba tulitoka kaskazini, ng'ambo ya visiwa vya Lamu, wakati wa vita vya mashifta. Ulikuwa hujazaliwa. Kijiji kizima kilihamwa kwa siku mbili, na milango mingine iliachwa wazi kwa kuwa wenyewe waliona hakuna maana ya kufunga. Mimi nilitoka na mama yako na mkoba wenye vitabu vitatu. Shee alitoka na mama yetu mgongoni, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Alimbeba tangu alfajiri mpaka jua la utosi, akipumzika mara mbili tu. Mimi nilibeba vitabu. Shee hakulitaja jambo hilo hata siku moja maishani mwake, na kwa kuwa hakulitaja, nilishindwa kulilipa. Lilikaa kati yetu kila tulipokaa kitako.

Malindi hatukuwa na shamba wala jamaa. Shee alikuwa na kazi ya baba yetu mikononi, alijua kufinyanga tanuri la mofa: lile jungu kubwa la udongo, nusu limezama ardhini, moto unakokwa ndani na mkate wa mtama unabandikwa ubavuni kwa mkono mtupu. Mimi nilijua kusema na watu. "Tanuri ni la wawili," akasema siku tulipoliwasha, tukapeana mikono. Hatukuandika kitu. Nani angeandikiana na nduguye wa tumbo moja?

Nilikuwa nikizunguka mitaa ya mji wa kale na kikapu, Shee nyuma yangu na kikapu cha pili. Bibi mmoja alitoka mlangoni, akavinusa vikapu, akasema, "Nasikia huu ndio mkate wa wakimbizi." Mimi niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Shee akasema, "Wakimbizi ni sisi, bibi. Mkate umekuja kwa hiari yake." Yule bibi alicheka hadi akashika kizingiti, akanunua mitatu, na mpaka anafariki hakukosa siku. Nakuandikia haya makusudi. Wewe umemjua Shee wa siku za mwisho. Nataka umjue na huyu wa kwanza, kwa kuwa huyu ndiye niliyeshindwa kumkatalia.

Sasa nije kwako.

Ulipomaliza kidato cha nne na matokeo yakakataa kukupeleka mbele, ulikaa siku kadhaa hutoki nje. Kisha ukaomba sinia mbili za mama yako. Mkate wa sinia: mchele uliosagwa, tui, sukari, hamira na iliki, makaa chini na makaa juu. Nilidhani ni mchezo wa mwari anayengoja kuposwa. Mwezi haujaisha ukasema unataka kwenda Watamu kuuza katika hoteli. Nilikufuata kwa kuwa haikufaa uende peke yako, nikiwa na hakika kwamba tutarudi na mikate yetu yote kumi.

Mpishi mkuu alikuwa Mutua, yule Mkamba mnene mwenye kofia ndefu. Alikata kipande, akatafuna akitazama dari.

"Mzee, hii ni kitu gani? Ni keki ama ni mkate?"

"Ni mkate," nikasema.

"Ni vyote viwili," ukasema wewe. "Inategemea wageni wako wanapenda zaidi kukilipia kipi."

Mutua alicheka mpaka tumbo likagusa meza. Tulirudi vikapu vitupu, nami njia nzima nilikuwa nikijiuliza umejifunza wapi kusema vile, kwa kuwa si kwangu.

Kicheko hicho hakikudumu. Wiki ya tatu alikuita kando. "Dada, sikia. Jumatatu umeniletea mkate kama mto wa kulalia. Leo umeniletea chapati. Mimi nikipanga vipande kwa meza, mgeni mmoja anapata kikubwa, mwenzake anapata kidogo, wote wananiangalia mimi kama mwizi. Tamu ni tamu. Lakini ule wa jana ulikuwa sawasawa, nataka huo, kila siku."

Siku ya pili ukanunua kikombe cha bati ukaanza kupima unga, tui, sukari, kila kitu. Mimi nikafanya mzaha. "Leo mkono wa mama yako umekuwa na kasoro?"

"Mkono wa mama ni mmoja, baba," ukasema. "Mimi nataka mikate sitini."

Mama yako akaitikia kutoka jikoni, "Na huo mmoja umechoka! Mwacheni mtoto apime."

Nilikuwa nimepata katika meza ya vitabu vikuukuu kitabu kimoja cha biashara, kilichokosa jalada, na jioni nilikuwa nikikusomea na kukufasiria habari za mtaji, soko na mshindani. Ulikuwa ukinisikiliza kwa adabu, mikono imezama katika donge. Sasa naona kwamba hakuna kitu ndani ya kitabu kile ambacho mikate yako iliyoharibika haikuwa imekwisha kukufundisha. Ulijua kwamba hamira haisomi saa. Wakati wa kaskazi unga unaumuka kabla hujamaliza kuosha vyombo, na wakati wa kusi unakaa unakutazama. Uliandika ukutani kwa mkaa: siku ya joto hivi, siku ya mvua hivi. Ulimfundisha Kahaso, aliyekuja mlangoni petu kutafuta kazi ya kufua, na baada ya miezi miwili ukamwachia sinia zote siku nzima, ukaenda zako Watamu. Nilikuuliza kama huogopi ataiba ujuzi. Ukasema, "Asipouiba nitalala saa ngapi?" Mimi nilicheka bila kuelewa. Nilikuwa nimeendesha tanuri miaka yote ile bila kumfundisha mtu wa nje hata kukoka moto.

Hoteli zikawa tatu. Wageni wa Kitaliano wakawa wanauulizia mkate kwa jina. Na tanuri letu, wakati huo huo, lilikuwa likipoa. Watu walianza kununua boflo madukani, laini, imekwisha kukatwa. Mofa ukabaki wa wazee na wa Ramadhani. Ua ulikuwa mmoja. Upande huu kitu kinapanda, upande ule kitu kinashuka, na wanaume wawili wameketi katikati wanatazama.

Kosa langu la kwanza halikuwa na sauti. Watu walikuwa wakisema "kazi ya Zuhura". Siku moja Shee akamwambia mgeni, "kazi yetu". Nililisikia lile neno likibadilika, nikanywa kahawa yangu. Sinia zilikuwa zako, makaa yako, ujuzi wako na wa mama yako, na tanuri halikuwa limekupa kitu isipokuwa kivuli cha paa lake. Ilikuwa inatosha kusema kwa upole, ndugu yangu, hii si ya tanuri, hii ni ya mtoto. Lakini kila nilipofungua kinywa mbele ya Shee niliiona miguu ya mama yetu ikining'inia kiunoni mwake. Nikaona ni ubahili kumnyima neno moja mtu aliyembeba mama. Sikuona kwamba neno lenyewe lilikuwa lako, na kwamba nilikuwa nikimlipa deni langu kwa mali ya mwanangu.

Baada ya neno kubadilika, yaliyofuata yalikuwa mepesi. Shee alikuja Ijumaa moja baada ya sala.

"Zuhura ameshakuwa mkubwa," akasema. "Akiolewa Lamu, akiolewa Mombasa, mume ataondoka na nini?"

"Na mkewe."

"Na mkate. Sisi tutabaki tunachota majivu." Akaniwekea mkono gotini. "Mwanangu Athumani yupo. Wako na wangu. Hakuna kitakachotoka nje ya ua huu."

Nataka uelewe jinsi maneno hayo yalivyoingia masikioni mwa mtu kama mimi. Kitu chochote kilichowahi kuwa chetu kilikwisha kutoka nje: nyumba, minazi, makaburi. Nilipokosa mji niliwafanya ndugu zangu kuwa mji wangu, na mtu hakubali hata tofali moja litoke. Athumani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mpole wa duka la nguo, tangu utoto ukimwita kaka. Nilijiambia, atampata wapi mpole zaidi?

Mama yako alipopata habari aliniuliza swali moja tu. "Umemuuliza mtoto, au umeuuliza mkate?"

Nikakuuliza. Ulikuwa umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi, nami nimesimama. Nilitaja jina la Athumani. Ukasema, "Na kazi yangu?" Nikasema, "Kazi itabaki nyumbani, mwanangu. Ndiyo faida yake." Ukanyamaza.

Kwetu mwari akiulizwa habari ya posa akanyamaza, huhesabiwa kuwa ameridhia. Ni ada ya huruma, iliwekwa kwa ajili ya wasichana wanaoshindwa kusema kwa haya. Lakini wewe ulikuwa ukibishana na Mutua mbele ya wapishi wake wote. Ulikuwa ukimrudishia mwenye makaa gunia lake mbele ya watu. Haya ya namna hiyo hukuwa nayo, na mimi baba yako nilikijua kila kimya chako. Kipo kimya chako cha kuona haya, unaangalia vidole. Kipo na kile cha kufunua sinia ukakuta mkate umebonyea katikati, unautazama tu. Siku ile uliniangalia mimi vile. Nikatoka nje nikamwambia Shee, "Amekubali." Kwa ada ilivyo sikusema uongo. Nilisema uongo, Zuhura.

Harusi ilipokwisha, Shee akasema haifai mke wa mtu kuingia majiko ya hoteli. Nikakubali na hilo. Athumani akaacha duka la nguo, akawa ndiye anayepeleka mkate Watamu, na wewe ukabaki uani. Hapo ndipo kazi ilipovunjika, ingawa ilichukua muda kuonekana. Anayeahidi akawa mmoja na anayekanda akawa mwingine. Athumani aliona haya kumwambia mteja hapana. Aliahidi sitini, akaahidi mia, akaahidi mia siku ya Ijumaa wakati Kahaso hayupo, akarudi nyumbani na ahadi hizo akakukabidhi. Ulianza kukanda mara mbili kwa siku, na donge la pili halikuwa linapewa muda wake. Mutua alituma salamu: "Mwambie mwenye mkate aje mwenyewe." Athumani akajibu, "Mwenye mkate ni mimi." Kisha siku moja Mutua akakata mkate mbele yake, akamwonyesha ubichi uliokuwa katikati. Athumani akakusanya sinia zake akaondoka. "Mpishi wa bara hatanifundisha mkate wa kwetu," alitusimulia, na Shee akapiga makofi. Mimi nilikuwapo. Sikupiga makofi, na hiyo ndiyo sifa pekee ninayoweza kujipa.

Hoteli ile ikaondoka, na zile mbili nyingine zikafuata kabla ya msimu wa wageni kwisha.

Ulikuja kwangu kabla hazijaondoka zote. Ulikaa ukutani pale chini ya dirisha, ukasema kwa utulivu kama mtu aliyeyapanga maneno yake njiani. "Baba, sikuja kusema habari za ndoa. Nimekuja kusema habari za kazi. Athumani arudi dukani kwake, alikuwa akiipenda kazi ile. Mimi nirudi Watamu na Kahaso. Bado hazijapotea mbili."

Ulikuwa umeleta dawa, si malalamiko. Nami nilikujibu hivi, nakumbuka kila neno: "Ukisema kazi yake mbaya umesema mume mbaya. Ukisema mume mbaya umesema ami yako hakujua kulea. Vumilia, mwanangu."

Uliinuka. Ukaniambia, "Basi nani humu atasema kwamba mkate ni mbichi?" Jibu ninalo sasa, nalo limechelewa: hapakuwa na mtu. Katika ua wetu neno la kazi lilikuwa papo hapo neno la ndoa, na neno la ndoa likawa neno la ukoo. Hapakuwa na mahali popote, hata penye upana wa mkeka, ambapo mtu angeweza kusema mkate umeungua bila kusikika akisema kwamba hampendi aliyeuunguza. Kwa hiyo tulikula ule ulioungua na kusifu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba, na kazi ya kupatafuta mahali hapo ilikuwa yangu.

Wewe na Kahaso hamna damu moja. Watakuja watu kukwambia kwamba hilo ni jambo la hatari. Mimi nakwambia umeanza na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: anaweza kukwambia umekosea, akala chakula cha mchana nawe, akarudi kesho. Nimewasikia mkibishana jikoni juu ya chumvi mpaka paka akakimbia, na baada ya muda mfupi mnacheka. Na mkiandikiana makubaliano yenu msione haya. Laiti mimi na Shee tungeandika kwenye kipande cha karatasi, tanuri la wawili na sinia za Zuhura, huenda leo ningekuwa na ndugu.

Athumani alikupa talaka akilia. Najua hilo kwa kuwa alikuja kuniambia mwenyewe kabla yako, na nilimpa maji. Alikuwa amechoka, naye pia tulimtoa kwenye kazi aliyoiweza tukampa ya mtu mwingine. Ulirudi na nguo zako tu. Sinia Kahaso alikwenda kuziomba siku ya pili, akapewa mbili.

Kisha, siku ile ya tanuri, Shee akaja na mtaimbo. "Sitaki chako," akasema. "Nataka nusu yangu." Nikamwambia tanuri halina nusu, ukivunja upande mmoja umelivunja. Akasema hayo ningeyafikiri kabla ya binti yangu kumtia aibu mwanawe. Ndipo wewe ukatokea mlangoni, mikono imejaa unga. Ukamtazama, ukamtazama na mtaimbo, ukasema, "Shikamoo, ami." Naye akasema, "Marahaba, mwanangu," akainua mtaimbo akapiga. Ulirudi ndani. Mimi nilisimama pale mpaka akamaliza. Alipiga upande wa kusini, upande aliokuwa akisimama yeye kila siku kubandika mikate, na udongo ule ulioiva miaka yote hiyo ulilia kama chungu cha kawaida. Hukuniangalia tena tangu saa ile kama ulivyokuwa ukiniangalia zamani. Hukukosa adabu. Uliacha tu kuningojea.

Sasa leo. Eda yako ilikwisha Jumatano. Maadamu ilikuwa haijaisha, Athumani angeweza kukurejea kwa neno lake mwenyewe, naye hakufanya, na nilimshukuru kimoyomoyo. Baada ya eda njia ni moja, posa mpya, nami ndiye walii wako wa kukuoza. Shee amekuja na posa.

Amekonda. Alikaa pembeni ya baraza kama mgeni. Mama yako alimletea maji, hakuyanywa.

"Watoto walikosana," akasema. "Watoto hukosana. Nimesikia anaondoka kesho. Mzuie. Athumani yuko tayari, na mimi niko tayari kulifinyanga tanuri upya kwa mikono yangu. Udongo nimekwisha kuupata."

Zuhura, aliposema udongo nimekwisha kuupata, nililia. Nakwambia ukweli. Kwa kitambo kidogo nilimtaka ndugu yangu na tanuri lake kuliko kitu chochote duniani, na njia ya kuvipata ilikuwa kugonga mlango wa chumba chako.

"Zuhura si mwari tena," nikasema. "Safari hii kimya hakitoshi. Anasema mwenyewe, na alichosema ni Mombasa."

"Wewe ni babake. Neno lako moja linatosha."

"Ndiyo, linatosha. Nalo ni hapana."

"Hapana ya leo, au hapana?"

"Hapana, Shee."

Akainuka, akakaza kikoi chake. Nilidhani sasa atalisema lile ambalo hajawahi kulisema, la mama na ile njia. Hakulisema hata leo. Akasema, "Basi tusizikane." Unajua uzito wa neno hilo. Atakayetangulia, mwenzake asije kushika jeneza. Akashuka barazani, na mama yako akamfuata mpaka njiani akiwa na ile bilauri ya maji.

Neno lenyewe halikunichukua hata pumzi moja. Miaka yote hii nilidhani likinitoka nitakufa. Nimekaa hapa tangu adhuhuri nikishangaa lilivyo fupi. Ningelisema siku ile ya Ijumaa ungekuwa na kazi yako na ami yako wote wawili. Nimelisema leo, wakati linanigharimu ndugu na halikuokolei kitu, kwa kuwa wewe ungeondoka hata ningesema ndiyo. Najua ungeondoka. Kwa hiyo usiniandikie kunishukuru, na usiniandikie kwamba umenisamehe kabla hujanisamehe. Ikichukua miaka, ichukue. Ikiwa haitakuja, mimi najua ni kwa nini.

Mama yako ananiambia kwamba Kahaso alikuuliza duka mtaliitaje, nawe ukasema jina lolote lisilokuwa la ukoo. Umefanya vizuri. Nilipolisikia nilitoka nje nikakaa pale palipokuwa na tanuri mpaka nilipoweza kurudi ndani. Lakini umefanya vizuri.

Hapa juu ya mistari hii utaona mingine miwili niliyoifuta kwa wino mwingi. Nilikuwa nimeanza kukuomba jambo juu ya Shee, iwapo yeye atatangulia na mimi sitaruhusiwa kufika. Nikafika katikati ya ombi nikaiona kalamu yangu inafanya nini: bado nakutuma wewe kwa ndugu yangu. Usiinue karatasi kwenye mwanga ujaribu kuisoma. Jambo hilo nitalipeleka mwenyewe kwa miguu yangu, kesho, basi lenu likisha kuondoka, na asiponifungulia nitakaa nje ya mlango wake.

Baba yako